Mwaka Skola Alipojua Kusema No

Skola alipoingia uani, shangazi alisimama. Hilo ndilo lililoniuma kabla ya mengine yote, na nalitanguliza ili lisije likaonekana dogo. Shangazi Oresta ana magoti mabovu. Siku hizi hainuki kitini bila kushikwa mkono, na mkono wenyewe ni wangu. Padri akimletea komunyo, anapokea amekaa. Watoto wa kaka zake wakija kutoka Morogoro na mifuko yao ya matunda, anaitikia shikamoo zao amekaa. Lakini Skola, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tunamsikia kwenye simu tu, alisukuma geti, akaita, "Hodi shangazi, shikamoo!" na yule bibi akashika mikono ya kiti akajiinua mwenyewe mpaka juu, akatandaza mikono kama msichana. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na karo nikipeta mchele. Nilibaki na ungo wangu mkononi kama mfanyakazi wa ndani, nikawatazama wanavyokumbatiana na kuulizana hali huku wanalia. Skola amenenepa vizuri. Anaishi Arusha, ni mkalimani wa mikutano, anakaa kwenye kibanda cha vioo na kuvaa vile vidude vya masikioni. Aliponigeukia akaniita, "Melania wangu!" nikajibu kwa furaha yote niliyoweza kuikusanya, ambayo haikuwa nyingi.

Watu wengi hudhani wivu ni ugonjwa wa ujana, kama chunusi, ukifika umri fulani unajiondokea. Wangu haukuondoka. Nimeishi nao miaka zaidi ya thelathini, nimefundisha nao shule ya msingi Mkula, nimerudi nao Ifakara, na karibu kila mwaka nimesimama nao mbele ya darasa la sita nikifundisha somo lile lile ambalo Skola alilijua siku ya kwanza na mimi nililijua kwa kuchelewa. Ndiyo maana, wakati wao wawili wakiongea siku ile barazani, mimi jikoni nilikuwa nimesharudi kwenye mwaka ule ambao tulilala chumba kimoja, katika nyumba hii hii ya nyuma ya soko, wakati bati lake lilikuwa bado jipya na likinyeshewa hatusikilizani.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili na dirisha moja. Kitanda cha dirishani kilikuwa changu. Skola alikuja kutoka Malinyi baada ya mvua za kwanza, na sanduku la bati na kikohozi, binti wa mtu aliyekuwa akimuuzia shangazi samaki wakavu. Alikuja kukaa mwezi mmoja. Siku ya pili shangazi akaniuliza, "Melania, hutaona vibaya mwenzio akilala dirishani? Si unaona anavyokohoa." Nikasema, "Ndiyo, shangazi, sitaona vibaya." Kikohozi kikaisha, mwezi ukaisha, Skola akabaki dirishani. Mwanzoni alikuwa akimwita shangazi "mama", kama mgeni yeyote mwenye adabu. Kabla maembe hayajaisha sokoni alikuwa anamwita "shangazi", kwa sauti ile ile yangu, na shangazi akiitwa anaitika bila kugeuka kuangalia ni nani kati yetu. Hilo nalo liliniuma. Mtu anaweza kuazima kanga yako, anaweza kuazima hata kitanda, lakini shangazi haazimwi.

Shangazi alikuwa mpishi katika hosteli walikofikia wageni wa mradi mmoja wa utafiti, Wazungu waliokuja kuchunguza mbu wa bonde letu. Jioni alirudi na harufu ya siagi mikononi na habari za mezani. Tulikula barazani, ugali au wali, na perege wa kukaanga, mlenda pembeni, na yeye ndiye aliyegawa. Kwake kugawa samaki kulikuwa na utaratibu wake. Alikishika kichwa kwa vidole viwili, akakiinua, akauliza, "Melania, kichwa hutaki?" Mimi nilipenda kichwa cha samaki kuliko sehemu nyingine yoyote, lakini nililelewa kwamba mtu akikuuliza hivyo hurukii, unajizuia, yeye anakusihi, unapokea mara ya pili ukiwa na heshima yako. "Ndiyo, shangazi, niko sawa," nikasema, nikangoja kusihiwa. "Na wewe Skola, hutaki?" Skola akanyoosha sahani. "Nakitaka, shangazi!" Shangazi akacheka mpaka akajipaliza na mlenda. Tangu siku hiyo kichwa kilikwenda kwa Skola moja kwa moja bila kuulizwa, na mimi nikala mkia nikitazama jinsi anavyonyonya macho ya samaki yule.

Darasa la Kiingereza tulilisoma jioni katika stoo ya mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu ndiyo pekee Mwalimu Kasiani aliyoipata bure. Mwalimu alikuwa mstaafu, mwembamba, na kaunda suti moja ya kijivu ambayo kufikia mwisho wa kipindi ilikuwa nyeupe kwa vumbi la pumba. Tulikaa juu ya magunia. Mashine ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ikiwashwa tulilazimika kupiga kelele, hata leo nikiongea Kiingereza wanafunzi wangu wanadhani nawagombeza. Jambo lililowashinda wote darasani lilikuwa dogo la kuchekesha. Ukiulizwa swali lenye "si" ndani yake, unajibuje? Mwalimu aliandika ubaoni, "Haven't you eaten?" akamwuliza mzee mmoja fundi baiskeli ambaye kweli alikuwa hajala tangu asubuhi. "Yes," akasema fundi. "Kwa hiyo umeshiba," akasema Mwalimu. Fundi akashangaa. "Nimeshibaje Mwalimu, na mimi nakwambia sijala?" Tukacheka wote, halafu tukaulizwa mmoja mmoja na kila mmoja wetu akasema yes, mpaka kicheko kikatuishia.

Mwalimu akaeleza kwa namna ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mwingine, na mimi mwenyewe naitumia mpaka leo darasani bila kusema nimeitoa wapi. Alisema, "Sisi tukijibu, tunamjibu mtu. Akisema hujala, na kweli hujala, unamwambia ndiyo, umesema kweli. Mnakubaliana, mnaendelea. Mwingereza hamjibu mtu. Anajibu jambo. Usimtazame aliyekuuliza, angalia tumbo lako. Tumbo lina kitu, yes. Tumbo tupu, no. Hata akiuliza kwa kugeuza vipi, tumbo halijageuka." Akamwelekezea chaki Skola, aliyekuwa ameanza siku hiyo hiyo. "Haven't you eaten?" Skola akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akafikiri kidogo, akasema kwa sauti iliyoipita mashine, "No! I haven't!" Mwalimu akaweka chaki chini. Mimi nilikuwa na miezi mitatu katika darasa lile, na Mwalimu hakuwahi kuweka chaki chini kwa ajili yangu.

Sikuwa mjinga. Sarufi niliijua kumshinda, maneno niliyajua mengi kumshinda, mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Lakini nikiulizwa swali la namna ile, macho yangu yalikwenda kwenye uso wa aliyeuliza kabla sijajua yanakwenda wapi. Nilitafuta anataka nisemeje. Skola hakutafuta chochote usoni mwa mtu, alijua kama ana njaa au hana. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko hata kwa kitanda, na sikuweza kumchukia vizuri kwa sababu hakuwa na baya. Usiku akisikia nimeamka alikuwa ananisogezea maji. Ukimwonea wivu mtu mbaya angalau una pa kushika.

Kisha shangazi akaja na habari kutoka hosteli. Wageni walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe wakati wa chakula cha mchana. "Eti mkalimani wao," akatueleza akivua viatu, "wanamwambia amwulize mwenye nyumba, nyinyi hapa hamlali kwenye chandarua? Mwenye nyumba anasema ndiyo. Na yeye anawaambia yes. Wameandika kijiji kizima kinalala kwenye chandarua, Dokta wao amekwenda mwenyewe kutazama, hamna hata chandarua cha kufugia vifaranga!" Alicheka peke yake, sisi wawili tukatazamana. Yule mkalimani angeondoka mwisho wa msimu, akaendelea shangazi, wanatafuta mwingine, kijana wa hapa hapa, na yule Dokta mwanamke ameapa kwamba safari hii kila atakayekuja kwenye usaili ataulizwa maswali ya namna hiyo tu mpaka atoke jasho. Mkalimani angezunguka na gari bonde zima, angekula meza moja na wale watu, angejulikana. Nafasi ilikuwa moja, na chini ya bati letu tulikuwa wawili tunaoitaka. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka ile kazi. Nilijiona nimeketi mbele kwenye gari, dirisha wazi, watu wa kijiji cha Mbingu wakisema, yule si binti wa Oresta yule?

Skola ndiye aliyebuni mchezo. Kuanzia asubuhi mpaka jioni tuulizane kwa "si" tu, na atakayekosea ndiye atakayeosha masufuria. Ukiwa umebeba ndoo kichwani unasikia kutoka nyuma, "Didn't you sweep the yard?" Ukiwa chooni, "Aren't you there?" Wiki za kwanza niliosha masufuria yote ya nyumba ile, kwa majivu, kucha zangu zikawa nyeusi kama za fundi. Shangazi alikuwa anapita, anamkuta Skola amejinyoosha kwenye mkeka anaimba na mimi nimeinamia masizi, anasema, "Hee, huyu wa Malinyi ana akili!" Polepole nikajifunza. Nilijifunza kwa kufumba macho. Nikifumba, nisione uso wa mtu, jibu lilikuja sawa. Skola aliligundua akanipigia makofi. "Umeweza, Melania! Lakini kwa Dokta si utaonekana unasali?" Nilicheka naye, ila moyoni nilikuwa nahesabu kama nimemfikia au bado.

Mchana mmoja nilikuwa nimelala kichwa kinaniuma, pazia limeshushwa, na barazani shangazi na jirani yetu Mama Tekla walikuwa wanachambua mchele. Nilisikia mawe madogo yakidondoka moja moja kwenye kifuu. Walikuwa wanamwongelea Skola, aliyekuwa ametoka kupatana bei na mwuza nazi mpaka mwuza nazi mwenyewe akaomba maji. "Huyu mtoto," shangazi akasema, "ningemzaa mimi, ningepumzika." Mama Tekla akauliza, "Na huyu wako?" Shangazi alichambua kwanza. Nilisikia ungo ukitikiswa. "Melania ni mtoto mwema," akasema. "Mm," akasema Mama Tekla, na wakahamia kwenye bei ya mafuta ya taa. Nilijifunika shuka mpaka kichwani kwenye lile joto. Mwema. Hata mbuzi wa mtu huitwa mwema, asipokata kamba. Niliamua pale kwamba katika vile vitu viwili, kazi na shangazi, siwezi kukubali anyang'anye vyote.

Mpunga ulianza kuiva, na ndege wakawahi. Kila aliyelima bonde hili anajua maana yake. Kwelea wakishuka na hakuna mtu dunguni, kazi ya msimu inaliwa kwa siku chache, unakuta mabua yamesimama matupu. Shamba la shangazi lilikuwa ng'ambo ya Mbingu, na yeye asingeweza kuiacha hosteli. Lazima mtu akae kule mpaka kuvuna, tangu jua halijatoka mpaka linazama, anapiga debe na kutupa udongo kwa kombeo. Usaili wa mradi ulikuwa umepangwa wiki ile iliyofuata. Jioni hiyo tulikuwa tunakula perege kwa ugali. Shangazi alinawa, akakaa, akatazama sahani yake. "Ndege wameshuka," akasema. "Sasa na nyinyi hapa, hakuna kati yenu anayeweza kwenda kuamia, eti?"

Skola alimeza tonge. "Mimi siwezi, shangazi," akasema. "Usaili ni wiki ijayo, na mimi ile kazi naitaka sana." Alisema bila kuinamisha kichwa, bila hata kuomba radhi. Shangazi akatikisa kichwa kukubali, kisha akanigeukia mimi akiwa ameshafungua mdomo aseme jambo. Sikumpa nafasi. Niliona upenyo wangu, wa pekee katika mwaka mzima. Yeye amekataa, mimi nikubali, tuone sasa ni nani angepaswa kuzaliwa na nani. "Mimi nitakwenda," nikasema. Nilimwangalia usoni nione unavyong'aa. Shangazi alitazama taa. "Na usaili wako je?" akauliza. Nikasema utakuja mwingine, Kiingereza hakiozi. Nilisema kwa kicheko, nikajipongeza. Akasema, "Haya," akachukua kichwa cha perege akakiweka kwenye sahani yangu. Nilikila chote, taratibu, mbele ya Skola, nikiwa na uhakika kwamba nimeshinda.

Kule shamba nilikaa mpaka miguu ikapata rangi ya tope. Dungu letu lilikuwa la miti minne na sakafu ya matete, na chini yake mwanamke wa shamba la jirani alinipikia ugali na kisamvu kwa sababu nilikuwa naogopa kushuka ndege wasije nyuma yangu. Mchana kutwa nilipiga debe na kuwauliza ndege kwa Kiingereza. Hamjashiba? Hamwendi kwenu? Nilijijibu mwenyewe sawasawa, macho wazi kabisa, kwa kuwa hapakuwa na uso wa mtu. Siku ya usaili niliijua ilipofika. Tangu asubuhi nilimwona Skola akivaa, nikamwona ameketi mbele ya Dokta na tumbo lake, na kila nilipotupa udongo nilitupa kwa nguvu hata pasipokuwa na ndege. Nilimwombea ashindwe. Naliandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoomba, kwa maneno kamili, na sijui kama ningepewa nafasi leo ningeomba tofauti. Siku chache baadaye alishuka kwenye treni akaja kwa miguu mpaka shambani na mkate mzima wa hosteli na siagi kwenye kopo. Alianza kupunga mikono akiwa mbali. Alipanda dunguni akanisimulia kila swali na kila jibu, akiigiza sauti ya Dokta, na kila aliposema "No, I haven't" nilisikia mlango unafungwa. Mkate tulikula wote. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo lilinikera.

Nilirudi Ifakara na magunia ya mpunga kamili, hakuna aliyetupita msimu ule, na shangazi alinishukuru mbele ya Mama Tekla. Lakini nilipoingia chumbani nilimkuta amekaa kitandani kwa Skola anamfungia sanduku. Kulikuwa na kitenge chake cha bluu chenye maua ya mikorosho, alichokuwa anakitunza kwa dawa ya nondo, nilichokuwa nikikinusa tangu nikiwa mdogo nikijua siku moja kitakuwa changu. Alikikunja akakiweka juu ya nguo za Skola. "Mtu anakwenda kukaa na watu wa maana," akaniambia, kama vile nimeuliza. Skola alizunguka bonde na ule mradi, kisha akaenda Dar es Salaam nao, kisha akaendelea peke yake. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu. Nilirudi kulala kitanda cha dirishani, na kwa muda mrefu godoro lake lilikuwa na shimo la mwili wa mtu mwingine.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani siku ile aliporudi, nikipika wali na kukaanga perege. Tulikula barazani kama zamani. Skola alisimulia kibanda chake cha vioo, marais aliowatafsiria na vikohozi vyao, shangazi akacheka mpaka machozi. Kisha wakafika kwenye mwaka ule, kama nilivyojua watafika. "Melania alikuwa ananizidi maneno," Skola akasema. "Mimi nilijua angenishinda. Nilishangaa alivyochagua kwenda kuamia ndege." Shangazi akafuta mdomo kwa upande wa kanga. "Ulishangaa wewe? Je, mimi? Nilikuwa nimeshapatana na watu wa kuamia, mume na mke, wenyeji wa Mbingu pale pale. Dokta nilikuwa nimeshamwambia nina mabinti wawili, awaite wote awasikilize. Nikasema, lakini niwaulize kwanza watoto kwa adabu tu, wasije wakasema nimewapa wageni shamba bila kuwaambia. Nilijua mtakataa wote wawili. Huyu Skola akakataa vizuri. Namgeukia mwenzie nimwambie msihangaike, ananiambia anakwenda!"

Niliweka chini kijiko. Nilimwuliza mbona hakuniambia. "Ningekwambiaje?" akasema, ananishangaa kweli. "Ulisema huku unacheka. Nikadhani mwenzangu Kiingereza kimemshinda, anatafuta pa kukimbilia. Nikuzuie, nikuaibishe mbele ya mwenzio?" Skola aliacha kula. Akasema, "Pole, Melania," kwa sauti ndogo, na ilikuwa pole ya kweli, na sikuitaka. Nilikuwa natazama mikono ya shangazi, inayotetemeka siku hizi, ambayo nimekuwa nikiikata kucha kila Jumamosi. Hakukuwa na mashindano. Nilishindana peke yangu mwaka mzima, na nikashinda, na zawadi yangu ikawa kuonewa huruma kwa miaka thelathini na mtu aliyedhani ananisitiri.

Saa ya basi ikafika. Bajaji ilipiga honi nje, Skola akabeba mkoba wake, akaagana na shangazi kwa muda mrefu. "Melania," shangazi akaniita, "humsindikizi mwenzio stendi?"

Sikumwangalia usoni. "Simsindikizi, shangazi."

"Kwa nini?"

"Sitaki."

Skola alisimama kidogo getini. Nilidhani atacheka, hakucheka. Alinipungia mkono mmoja, akapanda bajaji, akaenda. Nilianza kukusanya sahani, nikisubiri kugombezwa kama mtoto, na nilikuwa tayari kujibu. Shangazi hakugomba. Alikaa ananitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, muda mrefu, kama mtu anayemtafuta mtu kwenye umati.

"Ile kazi," akasema mwisho. "Kumbe ulikuwa unaitaka?"

"Nilikuwa naitaka, shangazi. Mpaka leo naitaka."

Alivuta kanga yake begani, akageuza uso kuelekea barabarani, bajaji ilikopita.

"Ungesema, mwanangu," akasema. "Wale watu wa Mbingu walikuwa wameshafunga mizigo."